Maswali Yenu kwa Shangazi: Kuishi Pamoja Bwenini

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka katika shule ndogo za bweni za wasichana, zile ambazo wanafunzi wake hawafiki 200 na ambamo mwalimu mkuu humwita kila mtoto kwa jina bila kutazama daftari. Shule za namna hiyo nazifahamu, kwa sababu nilikuwa matroni wa mojawapo kwa miaka 17. Nimechagua barua tano, na kila kinachoweza kumtambulisha mwandishi nimekiondoa.

*Shikamoo Shangazi. Niko mwaka wa pili wa sekondari. Shule yetu ina wasichana 110, darasa letu lina 24, na chumbani tunalala wanane. Tangu nilipoanza tulikuwa marafiki watano, tukila meza moja na kusoma pamoja jioni. Mwezi uliopita nilisema neno kuhusu mmoja wao, nalo likamfikia likiwa limetiwa chumvi. Nilimwomba radhi mbele ya wenzetu akasema amenisamehe, lakini tangu siku ile nikiingia chumbani mazungumzo hukatika. Wasichana wengine wana makundi yao ya tangu mwaka wa kwanza. Sina pa kwenda. Je, niombe kuhama shule?*
Mwanafunzi wa mwaka wa pili

Marahaba, mwanangu. Kwanza nakuomba usimruhusu mtu akwambie kwamba jambo hili ni dogo. Msichana anayesoma shule ya kutwa akigombana na wenzake, jioni huingia mlango mwingine, akakuta watu wengine na mazungumzo mengine, na akili yake ikapumzika mpaka kesho. Wewe unalala hatua mbili kutoka kwa mtu ambaye hakusemeshi, unaamka naye na kupiga mswaki kando yake, na mlango wa pili huna. Kuchoka kwako kuna sababu.

Sasa tutazame radhi uliyoomba. Uliiomba mbele ya wote, na aliyekosewa akakubali, lakini wale wengine watatu hawakuwa na lolote la kukubali. Mara nyingi nimeona kwamba katika ugomvi wa bwenini aliyeumizwa hupoa mapema, wakati walioshika upande wake huendelea kununa kwa niaba yake, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba wanaweza kuacha. Mazungumzo yanapokatika ukiingia, huenda walikuwa wanakusema, na huenda pia wameona haya tu na hawajui waanzie wapi. Usisimame katikati ya chumba ukadai maelezo. Mtafute mmoja, yule ambaye hakuwa na hasira sana tangu mwanzo, uzungumze naye mkiwa na kazi mikononi, kama vile kukunja nguo au kufagia, maana watu wa umri wenu husema ukweli kwa urahisi zaidi wasipotazamana usoni. Mwambie unachokosa, usimwambie nani ana makosa. Na tafadhali usimtume mtu mwingine akupelekee ujumbe. Jambo hili lilianza na neno lililobebwa, na neno jingine likibebwa litaongezwa chumvi vilevile.

Hayo yanahusu chumba. Kuhusu shule nzima, kuna utafiti ambao ningependa walimu wako nao wausome. Mwaka 1964 Roger Barker na Paul Gump walichapisha matokeo ya uchunguzi wao katika shule za sekondari za jimbo la Kansas, Marekani, wakilinganisha zilizo kubwa na zilizo ndogo. Shule kubwa zilikuwa na shughuli nyingi zaidi, lakini mwanafunzi wa shule ndogo ndiye aliyeshiriki shughuli za aina nyingi zaidi na kupewa nafasi zenye wajibu, kwa sababu iliyo wazi kabisa: mikono ilikuwa michache, na bila yeye shughuli isingefanyika. Jambo lililonigusa zaidi linawahusu wanafunzi waliokuwa pembezoni, wale wasio hodari na wasio na jina. Katika shule kubwa waliachwa tu, hakuna aliyewahitaji. Katika shule ndogo hata hao walijiona wanaitwa, wakahisi wana wajibu kama wenzao.

Kwa hiyo shule inayokubana ndiyo hiyohiyo yenye upungufu wa mikono. Tazama ni wapi pana pengo: maktaba haina wa kupanga vitabu, kwaya ina sauti moja pungufu, gazeti la ukutani halijabadilishwa tangu muhula uliopita. Chagua kazi inayochanganya wasichana wa miaka yote, si darasa lako peke yake, maana kwa wasichana 24 ni kweli makundi yamekwisha kufungwa, lakini hujawahesabu wale 86 waliobaki. Urafiki na dada wa mwaka wa nne, au na mtoto wa mwaka wa kwanza ambaye bado hajui njia ya kwenda zahanati, huo ndio mlango wako wa pili.

Namkumbuka msichana mmoja aliyetengwa na wenzake karibu muhula mzima. Maneno yetu ya faraja hayakumsaidia kitu. Siku moja aliyekuwa akipiga kengele aliugua, na huyu akapewa kengele na saa ya mkononi. Kuanzia asubuhi ya kesho yake kila mtu alikuwa na sababu ya kumsemesha: zimebaki dakika ngapi, umetuwahisha, tafadhali ngoja nimalize kufua. Hayakuwa mazungumzo makubwa. Lakini mtu anayesemeshwa mara thelathini kwa siku si mtu aliyetengwa tena, na kabla ya muhula kwisha alikuwa na rafiki wa mwaka wa tatu ambaye walikuwa wakibishana naye kila siku kuhusu dakika mbili za kengele ya jioni.

Kuna mpaka ambao ukivukwa uache kusubiri. Wakikuficha vitu vyako, wakikutungia jina, au wakiwaagiza wengine wasikusemeshe, huo si ugomvi tena bali ni uonevu, na unapaswa kufika kwa matroni siku hiyohiyo ukiwa umetaja lini na nani. Kuhama shule si aibu, ila uamuzi wake usiufanye katikati ya muhula, tena usiku. Jipe hadi likizo, uongee na wazazi ukiwa umelala vizuri.

Niwaambie na walimu wanaosoma hapa: kuwaacha wasichana wachague wenyewe watu wa kulala nao kwa miaka minne mfululizo ni kosa, ingawa hufanywa kwa nia njema. Wapangeni upya kila muhula, na mezani changanyeni madarasa. Watanung'unika wiki ya kwanza. Lakini hapo ugomvi wa watu watano hautamnyang'anya mmoja wao shule nzima.

*Shangazi, binti yangu ana miaka 13 na hii ni wiki yake ya nne bwenini. Kila Jumapili saa mbili usiku anaporuhusiwa simu hulia mpaka muda unakwisha, akiniomba nikamchukue. Mume wangu anataka tumwambie kwamba avumilie hadi mwisho wa mwezi, na akishindwa tutamrudisha nyumbani. Mimi moyo wangu umegawanyika.*
Mama mwenye mtoto mmoja

Mama, ahadi hiyo msiitoe. Naelewa kwamba baba yake anataka kumpa matumaini, lakini mtoto aliyeambiwa hivyo huacha kuzoea akaanza kuhesabu siku. Akipata rafiki atajiuliza ana faida gani naye, na akianza kufurahia jambo atahisi kama anaharibu ushahidi wa kesi yake. Zaidi ya hayo, mmemwambia bila kukusudia kwamba hata ninyi mnadhani hataweza.

Hamu ya nyumbani si utoto wala si kudekezwa. Mwaka 1688 daktari kijana wa Uswisi aliyeitwa Johannes Hofer aliandika tasnifu kuhusu watu waliodhoofika mwili kwa kuwa mbali na kwao, akaunda neno la kitabibu kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki, moja la kurudi nyumbani na jingine la maumivu. Siku hizi hatuuiti ugonjwa, lakini maumivu ni yaleyale, na kwa watoto wengi hupungua kadiri siku zinavyopata mpangilio na nyuso zinavyopata majina. Hayapungui kwa mstari ulionyooka. Mtoto anaweza kukaa siku tano bila kulia kisha akalia ya sita kwa sababu ya harufu ya sabuni tu.

Tatizo ninaloliona katika barua yako ni saa ya simu. Jumapili ni siku isiyo na vipindi, saa mbili usiku mtoto amechoka, na baada yake kuna kitanda na giza. Ukichukua saa inayoumiza kuliko zote katika wiki ukaweka ndani yake sauti ya mama, atalia hata yule aliyeshinda akicheka. Muulize matroni kama simu inaweza kuhamishiwa Jumamosi asubuhi, kabla ya michezo au usafi, ili akiweka mkono wa simu chini awe na jambo la kukimbilia. Katikati ya wiki mwandikie barua ya karatasi, hata fupi, yenye habari za kawaida. Barua hukaa chini ya mto, naye huisoma kwa wakati wake.

Simu inapokuja, usimkatize kulia na usimwambie kwamba wenzake hawalii, maana wanalia. Mwambie unasikia kwamba ni vigumu, kisha umuulize maswali yenye jibu dogo: kitanda chake ni cha juu au cha chini, nani anakaa kulia kwake mezani, somo gani linafuata kesho. Siku atakayokutajia jina la mtu bila kuulizwa, hiyo ndiyo siku ya kutulia kidogo. Wewe nawe ukitaka kulia, lia baadaye. Nimewaona akina mama wengi wakifanya hivyo nje ya lango, na sikumwona hata mmoja kuwa dhaifu.

Bado lipo swali moja ambalo ni lazima umuulize matroni: baada ya simu, ndani ya saa moja, binti yangu huwa anafanya nini? Akikujibu kwamba hunawa uso akajiunga na wenzake, subiri. Akikujibu kwamba hali, halali, amekonda, au kwamba anamwogopa mtu fulani, nenda mwenyewe ukamwone bila kungoja siku ya wazazi. Mtoto anayekumbuka nyumbani husema anataka kuja kwenu. Anayesema tu kwamba hataki kubaki hapo asikilizwe kwa namna nyingine.

*Shangazi, ni kweli kwamba wasichana wanaolala chumba kimoja hatimaye hupata hedhi pamoja? Chumbani kwetu wote wanaamini, na mimi ambaye tarehe zangu ni tofauti nimeanza kudhani nina kasoro.*
Mwenye wasiwasi

Huna kasoro, mwanangu. Imani hiyo ilienea baada ya mwaka 1971, Martha McClintock alipochapisha uchunguzi wa wanawake 135 waliokuwa wakiishi katika mabweni ya chuo kimoja cha wanawake huko Marekani, akieleza kwamba tarehe za marafiki wa karibu zilisogeleana. Watafiti wengine walipojaribu tena kwa makini hawakuliona jambo hilo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006 uliwafuatilia wanawake 186 wa China waliokaa pamoja bwenini kwa zaidi ya mwaka mmoja, na haukukuta kwamba mizunguko yao hulingana. Mizunguko isiyo na urefu mmoja lazima ikutane mara kwa mara kisha iachane, na sisi hukumbuka mwezi iliokutana. Katika miaka ya mwanzo mzunguko wa msichana unaweza kuwa wa siku 21 au ukafika 45, tena ukabadilika mwezi hadi mwezi. Ukipita miezi mitatu bila kuona hedhi, au ukiona damu nyingi kupita siku saba, mwone muuguzi.

*Shangazi, mimi ni matroni kama ulivyokuwa wewe. Upele umeingia bweni letu la wasichana 38. Tumemtenga msichana aliyeanza kujikuna, tumemtibu, lakini sasa wanajikuna tisa, na wenzake wanamwambia yeye ndiye aliyeuleta. Ameacha kuja kula.*
Matroni mwenzako

Dada yangu, nakusihi uanze na huyo mtoto leo, kabla hujagusa hata shuka moja. Upele husababishwa na kijidudu kidogo kinachochimba ndani ya ngozi, na mtu anayeupata kwa mara ya kwanza kwa kawaida huanza kujikuna baada ya wiki nne hadi sita, huku akiwa tayari anaweza kuuambukiza. Lakini aliyewahi kuugua zamani huanza kujikuna ndani ya siku chache. Maana yake ni kwamba anayejikuna wa kwanza si lazima awe ndiye aliyeuleta, na pengine ameupata hapohapo bwenini kutoka kwa mtu ambaye bado hajikuni kabisa. Waite wote, uwaeleze hivyo kwa maneno mepesi, yeye akiwemo, na wewe ukiwa umeketi karibu naye. Waambie pia kwamba hauhusiani na uchafu. Huhama kwa ngozi kugusana kwa muda, na wasichana wanaopendana, wanaosukana nywele na kulala wawili kitandani wakisimuliana, hugusana.

Ndiyo sababu kumtenga mmoja hakukufaa. Zungumza na zahanati ili wote 38 watibiwe usiku mmoja, wanaojikuna na wasiojikuna, pamoja na wewe mwenyewe. Krimu ya permethrini, ambayo ndiyo hutumika sana, hupakwa mwili mzima kuanzia shingoni kwenda chini, pamoja na katikati ya vidole na chini ya kucha, ikaachwa usiku kucha, na kwa kawaida hurudiwa baada ya wiki moja hivi. Fuata maelezo ya muuguzi, hasa kwa yeyote mwenye mzio. Asubuhi yake shuka, taulo na nguo zilizovaliwa siku tatu za mwisho zifuliwe kwa maji ya moto. Kisichofulika kifungwe ndani ya mfuko kwa siku zisizopungua tatu, kwa kuwa kijidudu hicho hakiishi muda mrefu nje ya ngozi ya mtu. Waonye mapema kwamba mwasho unaweza kuendelea wiki mbili hadi nne hata dawa ikiwa imefanya kazi, wasije wakaanza tena kumtafuta wa kulaumiwa.

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni kiranja wa bweni. Rafiki yangu wa tangu mwaka wa kwanza ana simu chini ya godoro, jambo ambalo ni kosa, nami nimenyamaza. Lakini kuna jingine. Kwa wiki mbili sasa amekuwa akimpa mwenzake chakula chake, analala mapema akigeukia ukuta, na juzi aliniambia angependa siku moja asiamke. Ameniapisha nisimwambie mtu. Shule yetu ni ndogo, nikisema kila mtu atajua ni mimi.*
Kiranja

Marahaba, mwanangu. Umeandika mambo mawili kana kwamba yana uzito mmoja, na pengine ndiyo sababu umekwama. Simu ni kosa la kanuni. Mwambie wewe mwenyewe kwamba hutaisema leo, ila ukiulizwa hutasema uongo, na umpe nafasi ya kuikabidhi. Viranja wengi hudhani kazi yao ni ama kuficha ama kushtaki, na katika shule ndogo ambako leo unamwongoza mtu na kesho unaazima kalamu yake, onyo la faraghani lililo wazi hulinda urafiki kuliko yote mawili.

Hilo la pili si kosa, ni hatari, na kiapo hakina nguvu juu yake. Mtu akikwambia hataki kuamka, mtu mzima anapaswa kujua leo hii, kabla taa hazijazimwa. Nenda kwa matroni, au kwa mwalimu yeyote unayemwamini, umwambie maneno yaleyale aliyokwambia bila kuyapunguza ili yasishtue. Kisha mwambie rafiki yako usoni kwamba umesema, asije akalisikia kwa wengine. Unaweza kumwambia hivi: nilikuahidi kabla sijajua uzito wa unachobeba, nami siwezi kuubeba peke yangu. Huenda akakasirika sana, pengine kwa wiki kadhaa. Mimi nilikasirikiwa namna hiyo na msichana mmoja kwa muhula mzima, naye leo ni mama wa watoto wawili.

Mpaka mtu mzima atakapofika, usimwache peke yake, hata bafuni mngojee mlangoni. Baada ya hapo rudi kuwa rafiki yake tu: mketi pamoja mezani, mwazime madaftari, mzungumze mambo mengine. Kumlinda usiku kucha si kazi ya msichana wa umri wako, na matroni akikuachia kazi hiyo mwambie mwalimu mkuu. Kuhusu kila mtu kujua ni wewe, mwombe unayemwambia azungumze naye mahali pasipoonekana na wengine na asitaje barua hii wala jina lako kwa wasichana. Kama mdomo utakataa kufunguka utakapofika mlangoni kwake, yaandike kwenye karatasi. Ila usiiache mezani. Mpe mkononi, ukae hapohapo mpaka aimalize kuisoma.